Kibati Mfukoni

Mimi ndiye niliyemtuma kanisani. Nasema hilo mwanzoni kabisa, maana kila ninayemsimulia habari hii hufika katikati tu akaanza kumlaani Ailig, na mimi hunyamaza nikaacha alaaniwe. Leo sitanyamaza. Wazo lilikuwa langu, nikaliona la akili sana, na nikamsukuma kwa mikono yangu miwili.

Ilikuwa Jumanne, wiki ya tatu ya Juni, mwaka wa sabini. Ailig alikuwa dereva wa lori la kiwanda cha nyuzi. Kila Jumanne alizunguka vijiji vya magharibi ya kisiwa chetu cha Lewis, akiwaachia wafumaji nyuzi na kuchukua vitambaa vilivyokwisha. Kwangu alifika saa nne asubuhi. Nilikuwa na banda nyuma ya nyumba ya baba, na ndani yake mtambo wa chuma wa kufumia unaoendeshwa kwa miguu, mzee kuliko mimi na mwenye kelele kuliko shangazi zangu wote. Kelele hizo ndizo zilizotulea. Mtambo ukinyamaza zaidi ya dakika tano, baba alivaa kofia yake akaja kuuliza kimeharibika nini. Kwa hiyo kwa miaka mitatu nilipendwa huku nakanyaga. Kila neno tamu nililoambiwa na yule mwanamume nililisikia katikati ya kishindo, naye ameinama karibu na sikio langu, ananukia sabuni na mafuta ya lori.

"Jua linachomoza saa ngapi?" nilimwuliza.

"Saa kumi na nusu kasoro dakika chache. Nimetazama kwenye almanaka ya wavuvi."

"Kasoro ngapi?"

"Kenina, jua si meli. Halitatuacha."

"Wewe ufike saa kumi kamili. Sitaki kusimama katikati ya mawe peke yangu kama mchungaji aliyekosa waumini."

Akacheka. Ailig akicheka macho yalifumba kabisa, na mimi nilipenda kumchekesha ili nipate nafasi ya kumtazama bila kutazamwa. Alikuwa na kovu dogo juu ya mdomo, la kamba ya mashua. Nililijua lile kovu kuliko nilivyojua kitambaa nilichokuwa nafuma.

Jumapili ile ilikuwa tarehe ishirini na moja, siku ndefu kuliko zote za mwaka. Ukoo wa mama yangu ni watu wa mawe. Hivyo ndivyo tunavyoitwa, na wanaotuita hivyo hawatusifu. Tangu zamani, binti wa ukoo ule akipata mwanamume humpeleka Calanais, kwenye duara la mawe makubwa ya kale, alfajiri ya siku hiyo, wakasimama pamoja chini ya lile jiwe refu la katikati, jua likatoka, wakaahidiana. Wachungaji walipiga marufuku, watu wakaendelea kwenda kimyakimya. Bibi yangu Raonaid alikwenda. Mama yangu alitaka kwenda, lakini alimpenda Tormod, baba yangu, wakati huo mzee wa kanisa mtarajiwa, na Tormod alimwambia achague kati yake na mawe. Akamchagua Tormod. Nilikuwa na miaka mitatu alipofariki kwa kifua. Bibi na baba wamekaa nyumba moja miaka ishirini na tatu, na muda wote huo wamezungumza habari za hali ya hewa tu.

Mimi nilikuwa nimeapa sitaolewa bila mawe. Na baba alikuwa ameapa kwamba mpiga kodiani wa harusi na vilabu kama Ailig hatakalia kiti chake. Basi mpango ukawa huu: Jumapili alfajiri twende kwenye mawe, Jumatatu tupande meli, tukaandikishwe bara kwa msajili, tukirudi tumerudi mke na mume.

"Lori nitaliacha mjini," Ailig akasema. "Injini ikiwaka Jumapili, watajua ni ya nani kabla sijavuka daraja."

"Njoo kwa miguu. Mimi nalala hapa bandani. Wageni wa juma la Meza ya Bwana wanaanza kuja Jumatano, kumi na mmoja mwaka huu. Chumba changu wamepewa wanawake wanne kutoka Harris."

"Wakikuona unatoka?"

Hilo ndilo lilikuwa gumu. Juni kwetu haina giza la kumfichia mtu. Saa sita ya usiku unaweza kusimama mlangoni ukasoma gazeti, na kijiji chote kina madirisha yanayotazama barabara. Nilikanyaga mistari kumi hivi.

"Beba ndoo," Ailig akasema.

"Ndoo ya nini?"

"Ya maziwa. Ng'ombe hana Sabato. Mwanamke mwenye ndoo asubuhi ya Jumapili, nani atamwuliza anakwenda wapi? Hata mchungaji atakupisha."

"Na wewe utabeba nini, mwenye akili?"

"Mimi kondoo wangu katumbukia kwenye tope. Maandiko yanaruhusu kumtoa."

"Mwaka jana pia alitumbukia."

"Nina kondoo wajinga sana, mpenzi."

Nikacheka hadi mguu ukakosa kanyagio na uzi ukakatika. Wakati naufunga, aliweka mkono wake juu ya wangu, akauacha pale. Nilihesabu moyoni, nikajua zimebaki dakika mbili kabla baba hajavaa kofia, na nilizitumia zote mbili kutazama ule mkono.

Ndipo nikasema neno langu la akili.

"Baba anakushuku. Toka juzi ananiuliza kwa nini lori linakaa hapa muda mrefu. Ijumaa njoo kanisani."

"Ijumaa ya Swali? Kenina, pale wazee wanasimama mmoja mmoja kueleza Mungu alivyowashika, kuanzia asubuhi hadi watu wazimie kwa njaa."

"Kaa benchi la nyuma, inamisha kichwa. Akuone tu. Akishakuona kanisani siku ya kazi, atalala usingizi wa pono wiki nzima."

"Nitasinzia."

"Sinzia. Saa tatu tu za kukaa kwenye mbao kwa ajili yangu, ni nyingi?"

Alinitazama, safari hii bila kucheka. "Si nyingi," akasema.

Akaondoka na vitambaa vyangu begani, anapiga mluzi.

* * *

Ijumaa sikwenda kanisani. Nilibaki nyumbani na sufuria, maana wageni kumi na mmoja hawali mahubiri. Nilikaanga, nikachemsha, nikachota maji, na kila nilipopita mbele ya bibi kwenye kiti chake karibu na moto, alinikonyeza.

"Ndoo umeiosha?" alininong'oneza.

"Bibi, nani amekuambia habari za ndoo?"

"Mimi nilibeba ndoo kabla mama yako hajazaliwa. Mnadhani nyinyi ndio mlioigundua?"

Saa nane wageni wakarudi. Peigi kutoka Harris, mama mnene mwenye moyo mwema na mdomo usiopumzika, alivua kofia akaanza kabla hajakaa.

"Leo Bwana alikuwepo. Yule kijana wa lori, mrefu, mwenye kovu hapa. Alilia. Alilia mbele ya watu mpaka mzee mmoja akaenda kumshika bega."

Nilikuwa namenya viazi. Nikacheka moyoni, nikasema: Ailig, umezidisha, niliagiza kichwa kuinama, sikuagiza machozi. Nilijiambia Jumapili nitamtania njia nzima hadi kwenye mawe. Nilimenya viazi vyote vya siku tatu nikiwa na furaha hiyo, na bibi akanitazama, akaacha kukonyeza.

* * *

Jumamosi alasiri kila kitu kilikuwa tayari. Kwetu Jumamosi ndiyo siku ya kazi za Jumapili: maji yote yachotwe, viatu vyote ving'arishwe, mboji kavu ya kuwashia moto iingizwe ndani, supu ipikwe. Nilikuwa nimemaliza. Ndoo nilikuwa nimeitundika kwenye msumari kando ya mlango wa banda, viatu vya kutembelea nyikani nimevificha chini ya mtambo. Nilikaa kufuma kidogo ili mikono itulie.

Niliona kivuli mlangoni. Ailig alikuwa amevaa suti nyeusi, ile aliyovaa kumzika kaka yake Iain, aliyekufa maji. Hakuja na mluzi, na hakutazama nyuma kama kuna mtu.

"Una wazimu?" nikasema, huku nakanyaga. "Baba yupo ndani."

"Najua. Ndiye aliyenielekeza uko huku. Simamisha mtambo, Kenina."

"Nikiusimamisha atakuja."

"Hatakuja."

Nikausimamisha. Zikapita dakika tano, zikapita kumi, na hakuna aliyekuja. Miaka mitatu nilitamani kumsikia Ailig katika ukimya, na nilipoupata nikautilia shaka.

Alitia mkono mfukoni, akatoa kitu, akakifungua kiganjani. Kilikuwa kibati kidogo cha mraba chenye jina la kanisa letu. Wale wanaoruhusiwa kula Meza ya Bwana hupewa Jumamosi, na Jumapili humrudishia mzee wa kanisa wanapoingia mezani. Anayekitaka kwa mara ya kwanza husimama mbele ya wazee wote aulizwe mpaka ndani ya roho yake.

"Nani kakupa?"

"Baba yako. Kwa mkono wake mwenyewe."

"Ailig, mchezo huu umekwenda mbali. Umemdanganya kiasi cha kutosha. Mrudishie."

"Sikumdanganya."

Nilimtazama usoni nikitafuta kicheko. Nilitazama lile kovu, nikatazama macho. Yalikuwa mekundu na matulivu.

"Nilikwenda kama ulivyoniambia," akasema. "Nilikaa nyuma. Nilikuwa nahesabu vioo vya dirisha. Mzee mmoja kutoka Ness akasimama. Akaeleza usiku mashua yao ilipozama, alivyoushika mkono wa mwenzake hadi nguvu zikamwisha, akauachia. Akasema ameishi miaka arobaini anauachia ule mkono kila usiku. Kenina, hakuna mtu yeyote niliyemwambia kwamba mimi niliuachia mkono wa Iain. Hata wewe sijakuambia. Yule mzee alikuwa ananiongelea mimi."

Nilitaka kumshika. Nilinyanyua mkono, naye akarudi nyuma hatua moja, ndogo sana, kwa adabu.

"Umeshikwa," nikasema. Hivyo ndivyo wasemavyo kwetu mtu akiokoka ghafla. Huwa anaacha pombe, ngoma, na nusu ya marafiki zake.

"Nimeshikwa."

"Kodiani iko wapi?"

"Nimeichoma jana. Mama alilia."

Ile kodiani ilikuwa ya baba yake. Niliisikiliza katika harusi zote za wilaya, nikiwa nimesimama ukutani kwa sababu mpigaji hawezi kucheza na mchumba wake, nami nilikubali kusimama ukutani miaka mitatu. Nikahisi kama ameichoma nikiwa ndani.

"Na kesho?" nikauliza.

"Kesho ni Sabato."

"Nilijua ni Sabato tulipopanga. Na wewe ulijua. Ulinipangia ndoo."

"Nimetubu habari za ndoo."

"Umetubu mimi?"

"Sikusema hivyo. Nisikilize. Nilimweleza baba yako kila kitu kuhusu mimi na wewe, isipokuwa mawe. Sikuweza kukuharibia. Ameshika mkono wangu. Amesema tuoane Agosti, kanisani, na yeye ndiye atakayekuingiza. Kenina, hatuhitaji kutoroka. Unanielewa? Nimekuletea kila ulichotaka."

Na ndivyo ilivyokuwa, ndiyo maana iliuma. Alisimama pale uso unang'aa, mwanamume niliyemtaka, na baraka za baba mkononi, akaona ananizawadia. Ningekuwa na akili ya Peigi ningepiga magoti nikashukuru.

"Sikutaka Agosti," nikasema. "Nilitaka kesho. Tufanye hivi: usinishike mkono, usiseme neno, usimame mbali. Njoo tu. Usimame pale jua likitoka."

"Siwezi kusimama kwenye sanamu asubuhi na mezani mchana."

"Juzi hazikuwa sanamu."

"Juzi nilikuwa kipofu."

"Juzi ulikuwa unaniona mimi. Leo toka uingie umetazama ukuta, umetazama mtambo, umetazama hicho kibati. Nitazame, Ailig."

Akanitazama. Alinitazama kwa huruma, kama wazee wanavyowatazama wasichana wanaocheka karibu na kanisa. Ningependa angenipiga kofi.

"Nakuomba na wewe usiende," akasema polepole. "Ukienda, sijui Agosti nitasemaje."

"Utasema nini? Umeshajifunza kusema mbele ya wazee. Sema mbele yangu."

"Mke wangu hawezi kuwa mtu wa mawe."

Nilirudi kwenye kanyagio. Nilikanyaga kwa nguvu zote, na alikuwa anasema kitu, midomo inakwenda, nikaendelea kukanyaga mpaka kivuli kikatoka mlangoni. Kipande kile cha kitambaa nilikuja kukifumua chote, maana kilikuwa kimekaza kama ubao.

* * *

Usiku ule kwenye chakula baba alinipakulia yeye mwenyewe. Samaki wa chumvi, viazi, na kipande kikubwa cha siagi ambacho kwa kawaida huwekewa mgeni. Miaka yote hakuwahi.

"Umenishinda, mwanangu," akasema kwa sauti ya chini ili wageni wasisikie. "Nilikuombea akuache. Bwana akanijibu kwa njia yake. Ni kijana mzuri."

"Alikuwa mzuri zamani, baba."

"Sasa ndiyo ameanza."

Alikuwa na furaha, na mimi nilimpenda baba yangu, na hayo mawili yalinifanya nisukume sahani kando. Niliondoka mezani nikaenda kumlaza bibi. Nilimweleza yote nikiwa namvua soksi. Nilitegemea atakasirika.

"Mchukue," akasema.

"Bibi?"

"Mchukue wa Agosti. Ana lori, ana afya, na baba yako atakupa shamba la chini. Unafikiri mawe yatakuwashia moto asubuhi?"

"Wewe si ulikwenda?"

"Nilikwenda. Mvua ilinyesha, jua hatukuliona, na babu yako alinukia pombe."

"Sasa tulikuwa tunajisumbua nini miaka yote hii?"

Alivuta blanketi hadi kidevuni. "Tulirudi kwa barabara," akasema. "Kweupe. Mchana kama huu usio na usiku. Ndoo nilibeba wakati wa kwenda. Wakati wa kurudi babu yako aliniambia niitupe, akanishika mkono, tukapita mbele ya madirisha yote. Ndiyo hiyo tu. Alikuwa mlevi, lakini alipita na mimi mbele ya madirisha."

Alinigeuzia mgongo. "Lakini mchukue. Mimi ni mzee, nataka kitukuu."

* * *

Saa tisa kasoro robo nilichukua ndoo kwenye msumari. Anga lilikuwa jeupe kama maziwa yaliyotiwa maji, na mbwa alinisindikiza hadi kwenye lango akarudi kulala. Nilipita maili tatu za nyika, viatu vinazama. Sikukutana na mtu. Pazia moja tu lilisogea kijijini, na nilipoinua ndoo kidogo likarudi mahali pake. Mpango wa Ailig ulikuwa mzuri sana.

Usiniulize kama nilitegemea atakuja. Nilitegemea. Nilifika saa kumi kamili kwa sababu hiyo ndiyo saa tuliyoagana, nikaweka ndoo chini, nikasimama chini ya jiwe refu mahali pa mwanamke na nikaacha mahali pa mwanamume wazi. Jua likachomoza. Hapakuwa na wingu hata moja. Bibi yangu alipata mvua na mwanamume, mimi nikapata jua lote.

Nilikuwa nimetunga maneno ya kumwambia. Niliyasema, kwa sauti, kwa jina lake. Kisha nikakaa chini nikaegemea jiwe na nikalia mpaka nikachoka, nikasinzia kidogo pale pale, na nilipoamka jua lilikuwa juu na kondoo wananishangaa. Kondoo hao hawakuwa wametumbukia popote.

Nilirudi kwa barabara. Sikukata nyikani, sikujificha. Ilikuwa yapata saa tatu, na nilipopinda kwenye nyumba ya mwisho ya kijiji nikawaona: watu wenye nguo nyeusi tii, wanatembea kwenda kwenye sala ya asubuhi. Baba mbele, Peigi na wale wengine nyuma, na pembeni ya baba, mahali pa mtoto wa kiume, Ailig.

Wakasimama. Mimi nikasimama. Sketi yangu ilikuwa imelowa hadi magotini, imejaa tope la mboji.

"Unatoka wapi?" baba akauliza.

Nikatazama ndoo. Ilikuwa kavu.

"Ng'ombe alikuwa analia toka saa kumi na mbili," baba akasema. "Peigi ndiye aliyemkamua. Nakuuliza, Kenina, unatoka wapi na hiyo ndoo?"

Nilikuwa namtazama Ailig. Mkono wake ulikuwa ndani ya mfuko wa koti, na niliona vidole vinavyokishika kile kibati kupitia kitambaa. Alitazama ndoo. Alitazama viatu vyangu. Ndoo ile alinifundisha yeye.

Baba akamgeukia. Hakumgeukia kwa hila. Alimgeukia kama baba anavyomgeukia mkwe, kwa wasiwasi, kutafuta msaada.

"Ailig, wewe unamjua kuliko sisi. Unajua alikokuwa?"

Nilimwomba kimoyomoyo aseme. Aseme lolote. Aseme, "Ndiyo, najua, alikuwa kwenye mawe, na mimi niliahidi kuwa naye." Angekosa Meza ya Bwana mwaka ule, wazee wangemwita, watu wangesema. Lakini angekuwa amesimama na mimi barabarani, kweupe, mbele ya madirisha. Ningeolewa naye Agosti, na kanisani, na ningekwenda kila Jumapili maisha yangu yote nimevaa kofia nyeusi.

"Sijui, mzee," Ailig akasema.

Alisema kwa sauti safi, bila kugugumia. Huo ulikuwa uongo wake wa kwanza tangu ashikwe, na kibati kilikuwa mkononi mwake. Na hakuusema kwa ajili yangu.

Nilikuwa na sentensi moja mdomoni: ndoo alinipangia Ailig. Ningeisema, baba angenyoosha mkono pale pale barabarani kukidai kile kibati, na yule mwanamume angerudi nyumbani kwa mama yake na suti yake. Peigi alikuwa amefungua mdomo tayari kuipokea. Nikamkumbuka Iain, na ule mkono Ailig aliouachia.

"Nilikuwa kwenye mawe, baba," nikasema. "Nilikwenda peke yangu. Lilikuwa wazo langu, hakuna mtu mwingine aliyejua."

Baba hakunifokea. Aliweka mkono juu ya macho kama mtu aliyepigwa na jua, akakaa hivyo, halafu akashusha mkono akaendelea kutembea, na alipita karibu yangu bila kunigusa. Wengine wakamfuata. Peigi alinipapasa bega. Ailig alikuwa wa mwisho.

Aliponifikia alipunguza mwendo. Sikuinua macho. Niliona viatu vyake vyeusi, vimeng'arishwa tangu jana, havina tone la tope.

"Asante," akanong'ona.

Jumanne lori la nyuzi lilikuja na dereva mwingine, mzee mmoja kiziwi, na nikamsimamishia mtambo kwa adabu. Agosti ilikuja ikapita. Baba alinisamehe kabla ya majira ya baridi, na mimi nimemsamehe Ailig kodiani, nimemsamehe kibati, nimemsamehe hata lile "sijui". Ile asante bado.